Kukataa kwa Kunyamaza: Seneti ya Marekani na Kiti cha Jaji Scalia

Niliombwa nizungumzie uhuru wa mahakama. Mada hiyo ni pana mno, kwa hiyo nimechagua kipande chake kimoja: namna wanasiasa wanavyoweza kuidhibiti mahakama bila kutunga sheria, bila kupiga kura, na bila hata kumsema vibaya jaji yeyote. Wananyamaza tu, na kalenda inawafanyia kazi.

Jumamosi ya tarehe 13 Februari 2016, Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani alikutwa amefariki dunia chumbani mwake, katika ranchi ya mapumziko magharibi mwa jimbo la Texas. Alikuwa na umri wa miaka 79 na alikuwa ameketi katika mahakama hiyo karibu miaka 30. Habari zilianza kuenea alasiri. Usiku haujaingia, Mitch McConnell, kiongozi wa walio wengi katika Seneti kutoka chama cha Republican, alikwishatoa tamko kwamba kiti kile kisijazwe mpaka wananchi wampate rais mpya. Rais Barack Obama alikuwa amebakiza miezi 11 madarakani. Hakuwa amemtaja mtu. Wafiwa walikuwa bado hawajaupokea mwili wa marehemu.

Naomba tuanzie hapo, maana kila kilichofuata kimo ndani ya saa zile chache. Uamuzi ulipita kabla mteule hajakuwapo. Haikujulikana kama angekuwa mwanamke au mwanamume, mwenye msimamo mkali au wa kati, bingwa wa sheria au mbabaishaji. Jalada lilifungwa likiwa tupu.

Siku kumi baadaye, tarehe 23 Februari, maseneta wote 11 wa Republican waliokuwa katika Kamati ya Masuala ya Mahakama, chini ya mwenyekiti wao Chuck Grassley wa Iowa, walitia saini barua kwa McConnell. Walisema kamati yao haitamsaili mteule yeyote wa Obama kwenye kiti kile. Kumbukeni kazi ya kamati hiyo. Ndiyo inayompokea mteule, ndiyo inayomhoji hadharani, ndiyo inayopeleka jina lake ukumbini. Sasa wajumbe wake walio wengi walikuwa wameandika kwamba kazi hiyo hawataifanya mwaka mzima, mteule awe nani.

Tarehe 16 Machi Obama alitoka kwenye bustani ya Ikulu akiwa na Merrick Garland, jaji mkuu wa mahakama ya rufaa ya mji wa Washington, ambayo wengi huihesabu kuwa ya pili kwa uzito nchini humo. Garland alikuwa na miaka 63, umri mkubwa kwa mtu anayeteuliwa kwenye kazi ya maisha. Mwaka 1995, akiwa ofisa wa Wizara ya Sheria, alikuwa amesimamia kesi ya bomu la Oklahoma City lililoua watu 168. Hakuwa mwanaharakati wala mtu wa majukwaani. Orrin Hatch, seneta mkongwe wa Republican kutoka Utah, alikuwa amemtaja kwa jina siku chache tu kabla, akisema Obama angeweza kumteua mtu mwema kama Garland lakini hatafanya hivyo. Obama akafanya hivyo hivyo.

Na Garland hakuwa mgeni wa kungojeshwa. Bill Clinton alimteua kuwa jaji wa rufaa mwaka 1995. Akahojiwa na kamati, halafu jina lake likawekwa kiporo. Ilipofika Machi 1997 Seneti ndipo ilipompigia kura, na akapita kwa 76 dhidi ya 23. Waliompinga wakati ule walisema wazi kwamba hawana neno na yeye. Walidai mahakama ile haihitaji jaji wa ziada. Grassley alikuwa mstari wa mbele katika hoja hiyo. Kwa hiyo mtu mmoja alicheleweshwa mara mbili na chama kile kile, na mara zote mbili hakuna aliyesimama kusema kwamba hafai.

Ndani ya Republican kwenyewe wapo walioona aibu. Seneta Mark Kirk wa Illinois alikuwa wa kwanza katika chama chake kumkaribisha Garland ofisini, mwishoni mwa Machi, na alisema hadharani kwamba wenzake wajikaze wapige kura. Susan Collins wa Maine naye alimwona wiki iliyofuata. Ila kisa kinachonigusa zaidi ni cha Jerry Moran wa Kansas. Moran alikuwa kwenye mkutano na wapiga kura katika mji mdogo wa kwao, akaulizwa, akajibu kwamba haoni kama angempigia Garland kura ya ndiyo, ila ni heri arudi nyumbani alaumiwe kwa kura aliyopiga kuliko kulaumiwa kwamba hakufanya kazi yake. Lilikuwa jibu la mtu mzima. Makundi ya kihafidhina yenye fedha yakamjia juu, yakatishia kumtafutia mpinzani katika kura za mchujo za chama. Wiki mbili hazikupita, ofisi yake ikatangaza kwamba seneta haoni tena haja ya usaili.

Ndugu zangu, mkiulizwa ucheleweshaji wa aina hii unamlinda nani, mkumbukeni Moran. Huwa tunadhani unamlenga mteule au rais. Kwa kweli unamlinda seneta mwenyewe dhidi ya kura yake. Garland angeketi mbele ya kamati, mbele ya kamera, siku tatu au nne, akijibu kwa upole na kwa ujuzi, halafu kila seneta angelazimika kusema ndiyo au hapana juu ya mtu ambaye nchi nzima imemwona. Wengine wangesema hapana wakaeleza kwa nini. Wengine, kama Kirk na Collins, huenda wangesema ndiyo. Hesabu isingekuwa na uhakika tena. Njia ya kuhakikisha hesabu haiharibiki ilikuwa kutohesabu kabisa.

Tuitazame sasa mitambo yenyewe, kwa sababu wanafunzi wengi husoma Katiba wakadhani wameisoma nchi. Ibara ya Pili ya Katiba ya Marekani inasema rais atateua majaji wa Mahakama ya Juu kwa ushauri na ridhaa ya Seneti. Inaishia hapo. Haisemi Seneti ijibu ndani ya siku ngapi, wala haisemi kama usaili ni lazima, wala nini kitokee ikikaa kimya. Yaliyobaki yote ni kanuni na mazoea. Mwenyekiti wa kamati ndiye anayepanga siku ya usaili. Jina likitoka kwenye kamati, kiongozi wa walio wengi ndiye anayeamua liingie lini kwenye ratiba ya ukumbi. Watu wawili, funguo mbili. Maseneta wenyewe, wakiwa wengi na wakithubutu, wanaweza kumvua kiongozi wao ufunguo huo kwa hoja maalumu, lakini hilo ni kumwasi kiongozi mchana kweupe, na Moran ametuonyesha uasi huo una gharama gani.

Obama alikuwa na mlango mmoja wa pembeni. Katiba inamruhusu rais kujaza nafasi kwa muda Seneti ikiwa mapumzikoni. Mwaka 2014, hata hivyo, Mahakama ya Juu yenyewe ilisema mapumziko yaliyo chini ya siku kumi kwa kawaida hayatoshi, na kwamba Seneti ikisema inaendelea na vikao basi vikao vinaendelea. Hivyo Seneti ikawa haipumziki. Likizo ikifika, kila baada ya siku chache seneta mmoja huingia katika ukumbi mtupu wenye meza 100, hugonga rungu, karani husoma waraka wa kumpa uenyekiti, seneta hutangaza kwamba kikao kimeahirishwa hadi tarehe fulani, hugonga tena na kuondoka. Huchukua dakika moja, wakati mwingine haifiki. Hakuna anayezungumza. Kwenye kumbukumbu rasmi panaandikwa kwamba Seneti ya Marekani imekutana.

Mei 2016 Garland alijaza dodoso la kamati, lile refu ambalo kila mteule hujaza, akalipeleka pamoja na lundo la viambatanisho, ingawa hakuna mwenyekiti aliyemwomba. Ilikuwa kazi ya mtu anayeheshimu utaratibu hata pale utaratibu usipomheshimu. Nyaraka zikapokelewa. Zikakaa. Uteuzi wake ulikufa tarehe 3 Januari 2017, Bunge la zamani lilipomaliza muda wake na majina yote yasiyopigiwa kura yakarudishwa Ikulu. Zilikuwa zimepita siku 293. Kabla yake, aliyekuwa amengoja muda mrefu kuliko wote ni Louis Brandeis mwaka 1916, siku 125, naye alipingwa vikali, kwa chuki dhidi ya Wayahudi na kwa hofu ya matajiri. Lakini Brandeis alipingwa kwa ushahidi uliotolewa mbele ya kamati, mashahidi wakahojiwa, na mwisho kura zikahesabiwa: 47 dhidi ya 22. Akawa jaji.

Mahakama nayo ilifanya nini wakati huo? Kiti cha Scalia na sehemu ya meza iliyo mbele yake vilifunikwa kitambaa cheusi kama ilivyo desturi yao, kisha viti vikapangwa upya kwa majaji wanane. Namba hiyo inaweza kugawanyika nusu kwa nusu. Majaji wakigawana wanne kwa wanne, hukumu ya mahakama ya chini inabaki ilivyo, na Mahakama ya Juu haiweki msingi wowote wa sheria kwa nchi nzima. Ikatokea hivyo Machi katika kesi ya michango ya lazima ya walimu wa California kwa chama chao cha wafanyakazi. Ikatokea tena tarehe 23 Juni katika kesi ya serikali kuu dhidi ya Texas, iliyohusu mpango wa Obama wa kuwapa nafuu ya kutofukuzwa nchini wazazi wasio na vibali ambao watoto wao ni raia au wakazi halali. Walioguswa walikadiriwa kufika milioni nne. Wengine walikuwa wamekusanya stakabadhi za kodi ya nyumba na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, wakisubiri.

Uamuzi wenyewe ulikuwa na sentensi moja. Kwa Kiingereza ni maneno tisa yanayosema kwamba hukumu inathibitishwa na mahakama iliyogawanyika sawasawa. Hapakuwa na hoja ndani yake wala jina la jaji, na hapakuwa na maoni ya waliopinga ambayo wakili angeweza kuyasoma akapata pa kuanzia siku nyingine. Mahakama ambayo kazi yake ni kutoa sababu ilishindwa kutoa sababu, na familia milioni kadhaa zikarudishwa gizani kwa sababu jaji wa tisa hakuwapo. Simwambii mtu kwamba Garland angeamua upande wao. Huenda asingeamua hivyo. Ninachosema ni kwamba walistahili kuambiwa hapana na mahakama kamili, kwa sababu zilizoandikwa.

Sasa nitoe haki kwa upande wa pili, kwa kuwa wana hoja na si ya kupuuzwa. Walisema kwamba Seneti haifungwi na kitu. Ridhaa ambayo ni lazima itolewe si ridhaa. Walisema mwaka ni wa uchaguzi, rais ni wa chama kimoja na Seneti ni ya chama kingine, basi wananchi waamue. Walimkumbusha Joe Biden hotuba yake ya Juni 1992, alipokuwa mwenyekiti wa kamati ile ile, akishauri kwamba nafasi ikitokea katika joto la uchaguzi rais asiteue mpaka kura zipigwe. Biden aliisema kweli, na Wademocrat walipoteza muda mwingi kujifanya kwamba hotuba ile ina maana nyingine. Tofauti ni kwamba mwaka 1992 hapakuwa na kiti kilichokuwa wazi wala mteule aliyengojeshwa.

Lakini hoja ya mwaka wa uchaguzi haisimami hata kwenye historia yao wenyewe. Mwaka 1888, mwaka wa uchaguzi, Seneti ya Republican ilimpitisha Melville Fuller, mteule wa Grover Cleveland wa Democratic, kuwa Jaji Mkuu. Februari 1988, mwaka wa uchaguzi pia, Seneti ya Democratic ilimpitisha Anthony Kennedy, mteule wa Ronald Reagan, kwa kura 97 bila hata moja ya kupinga. Na kama hoja ilikuwa kuwaachia wananchi, basi tarehe 18 Septemba 2020 alipofariki Jaji Ruth Bader Ginsburg tungeona ikitumika. Uchaguzi ulikuwa tarehe 3 Novemba. Donald Trump alimteua Amy Coney Barrett tarehe 26 Septemba na Seneti ya McConnell ikampitisha tarehe 26 Oktoba, kwa 52 dhidi ya 48. Siku 30, na nane tu kabla ya uchaguzi, wakati makumi ya mamilioni ya Wamarekani walikuwa wameshapiga kura zao za mapema. Collins peke yake ndiye aliyekataa katika chama chake. McConnell alisema kanuni yake ilihusu Seneti na Ikulu zilizo mikononi mwa vyama tofauti. Sawa. Basi kanuni hiyo, ukiivua mapambo, inasema kwamba mwenye nguvu ya kuchelewesha atachelewesha, na mwenye nguvu ya kuharakisha ataharakisha. Wananchi hawamo.

Nisieleweke kwamba chama kimoja ndicho chenye dhambi. Ucheleweshaji huu ni wa zamani karibu kama mahakama yenyewe. Februari 1829 Seneti iliahirisha uteuzi wa John Crittenden uliofanywa na Rais John Quincy Adams aliyekuwa akiondoka, ili kiti kimsubiri rais mteule Andrew Jackson, na Jackson akakijaza. Mwaka 1866 Bunge lilipunguza idadi ya majaji ili Andrew Johnson asipate hata nafasi moja ya kuteua, na alipoondoka wakairudisha kuwa tisa. Wademocrat walimzuia Miguel Estrada, mteule wa George W. Bush katika mahakama ya rufaa, kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka Septemba 2003 akajitoa mwenyewe. Obama akiwa seneta, Januari 2006, alipiga kura ya kutaka mjadala wa uteuzi wa Samuel Alito katika Mahakama ya Juu usifungwe, ili uteuzi huo usipigiwe kura. Februari 2016, baada ya kifo cha Scalia, msemaji wake wa Ikulu alisema kwamba anaijutia kura ile.

Katika hayo yote, mfano wa Abe Fortas ndio ninaowaomba wanafunzi waukalie kitako. Juni 1968 Lyndon Johnson, ambaye alikwishatangaza kwamba hagombei tena, alimteua Fortas, aliyekuwa jaji tayari, awe Jaji Mkuu badala ya Earl Warren. Warepublican na Wademocrat wa majimbo ya kusini wakaona ni heri wavute muda mpaka Novemba. Walikuwa na nia ile ile ya mwaka 2016. Ila kamati ilimwita Fortas, ikamhoji siku kadhaa. Ikagundulika kwamba alikuwa amelipwa dola 15,000 kwa kufundisha semina chuoni, fedha zilizochangwa na wafanyabiashara kupitia rafiki yake, na nchi ikapata jambo halisi la kulijadili. Mjadala ukaenda ukumbini. Tarehe 1 Oktoba ikapigwa kura ya kufunga mjadala: 45 waliotaka ufungwe, 43 waliokataa, wakati theluthi mbili ndizo zilizohitajika. Fortas akaomba jina lake liondolewe. Ilikuwa hila ya kivyama, sikatai. Lakini leo, zaidi ya nusu karne baadaye, naweza kumfungulia mwanafunzi orodha ya kura ile, jina moja moja, nikamwambia huyu alitaka hivi na huyu alitaka vile. Juu ya Garland, orodha kama hiyo hakuna. Chama chenye maseneta 54 kililiua jina lake na hakuna hata mmoja wao ambaye kura yake imeandikwa.

Hata barua ya posa hujibiwa. Mzee akikataa kumtoa binti yake huita wajumbe, huwaketisha, huwapa maji, halafu husema hapana, na waliotumwa hurudi kwao wakijua walipo.

Hilo ndilo hasa nililokuja kulisema. Mamlaka ya kukubali au kukataa jaji ni makubwa mno, na kitu kimoja tu kinachoyafanya yavumilike katika nchi huru ni kwamba yana mwenyewe. Seneta akisema hapana, mpiga kura wa Kansas au Maine anaweza kumuuliza. Akinyamaza ndani ya kundi lililonyamaza, mamlaka yametumika, jaji amekataliwa, mahakama imebadilika kwa miaka 30 ijayo, na hakuna wa kuulizwa. Kila mmoja atasema hakufanya kitu. Na ni kweli, hakufanya. Mwezi Machi 2021 Garland alirudi mbele ya Seneti, safari hii kama mteule wa Rais Biden wa kuwa Mwanasheria Mkuu. Akapita kwa 70 dhidi ya 30, na miongoni mwa waliomkubali walikuwamo McConnell na Grassley wenyewe. Mtu ambaye hawakutaka hata kumsikiliza mwaka 2016 walimwona anafaa kusimamia mashtaka yote ya serikali kuu. Wangepiga kura mwaka ule, wangelazimika kutafuta sababu ya kumkataa, na sababu hawakuwa nayo.

Madhara yake kwa Seneti yenyewe yalikuja haraka. Trump alikuwa ametangaza Mei 2016 orodha ya majaji atakaowateua, jambo ambalo wagombea hawakuwa wakilifanya, na kiti kitupu kikawa bango la kampeni. Katika mahojiano na wapiga kura siku ya uchaguzi, kama mmoja kati ya watano alisema Mahakama ya Juu ndiyo iliyomsukuma zaidi, na wengi wao walikuwa wa Trump. Alipomteua Neil Gorsuch kwenye kiti hicho, Wademocrat wakalipiza. Jeff Merkley wa Oregon alisimama akahutubia zaidi ya saa 15, usiku kucha, akisema kiti kimeibwa. Kura ya kufunga mjadala ilihitaji 60 na ilipata 55. Saa hiyo hiyo Warepublican wakabadilisha kanuni, wingi wa kawaida ukatosha, na Gorsuch akapita tarehe 7 Aprili 2017 kwa 54 dhidi ya 45. Walikuwa na mfano wa kuiga: Novemba 2013 Harry Reid wa Democratic aliiondoa kanuni ile ile kwa majaji wa mahakama za chini. Hivyo hila moja ikavunja hila nyingine. Walio wachache leo hawana silaha. Wanaweza kuomba kura ya kamati iahirishwe wiki moja, wanaweza kususia kikao kama walivyomsusia Barrett, wakaacha vitini picha za watu waliohofiwa kupoteza bima ya afya. Kamati ikampitisha kwa 12 bila kupingwa. Kuchelewesha kweli kweli kumebaki kwa mtu mmoja, kiongozi wa walio wengi, na kwake hakuna kipimo. Juni 2021 McConnell aliulizwa redioni kama angemruhusu Biden kujaza kiti mwaka 2024 iwapo chama chake kingeshika Seneti. Akasema haielekei kabisa.

Kwetu je? Nchini Tanzania Bunge halithibitishi majaji. Rais huwateua baada ya kushauriwa. Hivyo hila za aina hii hatuna, na wala hatuna usaili wa hadharani wa kuzifanyia hila. Tume ya Jaji Warioba, iliyoandaa rasimu ya Katiba mpya ya Tanzania, ilipopendekeza Mahakama ya Juu katika rasimu hiyo, mjadala wa nani awapitishe majaji ulifunguka na utafunguka tena. Tukifika huko, tusiitazame Washington peke yake. Tutazame Nairobi, ambako yapo mazuri na mabaya ya kujifunza.

Zuri ni hili. Kenya ina Sheria ya Uidhinishaji wa Bunge kwa Uteuzi wa Umma ya mwaka 2011. Inaipa kamati ya Bunge muda maalumu wa kumhoji mteule na kuleta taarifa, na muda ukiisha Bunge halijakubali wala kukataa, mteule huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Mbunge asiyemtaka mtu hana budi asimame aseme hapana. Akinyamaza, kimya chake kinahesabiwa kuwa ndiyo. Mwaka 2021 Martha Koome alihojiwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama huku nchi ikimtazama kwenye televisheni, jina lake likaenda bungeni, na tarehe 21 Mei akaapishwa kuwa Jaji Mkuu, chini ya mwezi mmoja tangu jina lipelekwe.

Baya nalo ni la nchi hiyo hiyo. Mwaka 2019 Tume hiyo ya Utumishi wa Mahakama ilipeleka kwa Rais Uhuru Kenyatta majina 41 ya majaji. Katiba ya Kenya, katika Ibara ya 166, inamtaka rais awateue kufuatana na mapendekezo ya Tume. Hakuwateua. Mahakama Kuu ikasema anapaswa kuwateua. Hakuwateua. Mmoja wao akafariki dunia akiwa bado anangoja. Juni 2021 rais akawateua 34 na kuwaacha sita, miongoni mwao George Odunga, Joel Ngugi, Aggrey Muchelule na Weldon Korir waliokuwa waende Mahakama ya Rufani. Hao sita waliapishwa Septemba 2022, siku moja baada ya William Ruto kuapishwa kuwa rais. Miaka mitatu kesi zilikuwa zikirundikana, mahabusu wakisubiri tarehe, na familia zikigombea viwanja ambavyo hakuna wa kuamua ni vya nani.

Sheria ya 2011 inalibana Bunge. Rais haimgusi, kimya chake hakina siku ya mwisho wala matokeo. Vijana mnaoandaa maoni juu ya Katiba mpya, pengo hilo ndilo ninalowaomba mlishike. Popote mtakapoandika kwamba fulani atateua, au kwamba chombo fulani kitaridhia, andikeni na siku, kwa tarakimu, halafu andikeni katika ibara hiyo hiyo kwamba siku zikiisha jaji ataapishwa na nani.